Barua za Dada Yangu Ziliendelea Kufika

Nina miaka thelathini na tisa. Nilizaliwa Butembo, mashariki mwa Kongo, katika sehemu ya mji tunayoiita komine ya Bulengera, katika nyumba ya udongo ambayo mvua ilikuwa inaingia bila kubisha hodi. Leo, katika mtaa uleule, nina nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye vigae sakafuni. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu hakuna aliyenishika mkono. Kampala nilibeba marobota ya mitumba mchana, jioni nikaingia darasani. Nikapata diploma ya biashara na masoko. Siyo ya kununua... ya kusomea! Nairobi nilifanya kazi katika ofisi zenye lifti, na wazungu waliniuliza mimi maoni yangu.

Kwa hiyo niliporudi nyumbani sikurudi kama mtu aliyeshindwa. Nilirudi kama mtu anayekuja kuonyesha wengine njia.

Ndugu wasomaji, ile diploma bado iko ukutani, mbele ya meza ninapoandika haya. Siwezi kuitazama kwa muda mrefu. Mtaelewa sababu.

Nilifungua duka la vitenge Butembo, na la pili Beni, katika komine ya Mulekera. La Beni nilimpa dada yangu mkubwa, Masika. Yeye hakusoma sana, lakini alikuwa na kitu ambacho mimi sikufundishwa popote: watu walimpenda. Kwaya za kanisa, kina mama wa vikundi, familia zenye harusi, walimu na maofisa waliotumwa kutoka majimbo mengine, wote walitaka kuhudumiwa na Masika. Alijua nani anaozesha, nani ametoka kwenye matanga na hataki rangi kali, nani hapendi maua makubwa kwa sababu ya umbo lake.

Mume wake, Muhindo, alikuwa seremala. Mtu wa maneno machache, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Kavira, msichana wa sekondari. Muhindo alimpenda mke wake mpaka watu wakamtania. Masika akichelewa sokoni, alikuwa anaacha randa mezani na kwenda kusimama barabarani, na wenye pikipiki walikuwa wanapita wakimwambia: "Papa Kavira, bibi bado hapana ibiwa, rudia kazi!"

Alikuwa anacheka, lakini haondoki pale mpaka amuone.

Biashara ilikwenda vizuri. Lakini mimi vizuri haikunitosha... nilitaka watu waseme huyu kweli amesoma! Nikaamua tuanze kuwaandikia wateja barua pepe. Wengine walinishauri tutumie ujumbe wa simu kama kila mtu. Niliwacheka. Nikawaeleza kwamba kwenye simu kila mtu anapiga kelele, ila barua pepe inamkuta mwenye mshahara ametulia, inamwita kwa jina lake, inamheshimu. Na hapo sikukosea. Wateja wetu wengi walikuwa na anwani. Kwaya nyingi zilikuwa na katibu anayesoma na kuwasimulia wenzake.

Kosa halikuwa barua pepe. Kosa lilikuwa namna niliyochagua.

Masika alikuwa na namna yake. Alitaka tuwaandikie watu wachache wachache, kwa mkono wetu, wakati kuna cha kuwaambia. Akipokea kitambaa cha buluu ambacho mama fulani alikiulizia, amwandikie mama huyo peke yake: kimefika, njoo ukiguse. Aliniambia kwamba yeye ataandika akiwa ameshika kitambaa mkononi, siyo kabla.

Nilimwambia hiyo ni namna ya mtu anayeuza nyanya.

Mimi nilichagua mashine. Kuna huduma kwenye mtandao ambayo unaiandikia barua zako zote mapema, za mwaka mzima, unaipangia tarehe, nayo inazituma yenyewe huku wewe umelala. Inaweka jina la kila mteja mahali pake. Asiyekuja dukani muda mrefu inamwandikia kwamba tumemkosa. Niliketi siku kadhaa za mwezi wa kumi na mbili, nikaandika zote: za sikukuu ya wanawake, za Pasaka, za harusi za kiangazi. Nilijisikia kama jenerali anayepanga askari!

Na kwa kuwa watu walimpenda Masika, sikuweka jina langu. Niliweka la kwake. Kila barua ilianza hivi: "Ni mimi, Masika." Juu yake niliweka picha yake akicheka, amefunga kitambaa cha manjano kichwani.

Sikumuuliza.

Barua ya kwanza ilipotoka alikuja Butembo kununua uzi, akaingia dukani kwangu na simu mkononi. Aliisoma tena mbele yangu, polepole, midomo ikichezacheza. Kisha akasema:

"Kambale, huyu anasema 'ni mimi Masika' ni nani?"

Nikamweleza kwamba ndivyo wanavyofanya makampuni makubwa.

"Mimi hapana andika hii. Niko naambia batu bitambaa bimefika, na mimi sijabiona na macho."

"Yaya," nilimwita, kama tunavyowaita dada wakubwa, "wewe uza tu. Maneno uniachie mimi."

Aliufungua mkoba wake, akaweka simu ndani, akaufunga. Hakurudia jambo hilo tena. Mimi nilidhani nimeshinda.

Na mauzo yalipanda! Sitadanganya. Kina mama walikuwa wanaingia wakisema, "Masika, barua yako imenigusa." Yeye alikuwa anajibu asante na kuinamisha macho. Jumapili moja, baada ya ibada Beni, tumesimama uwanjani mwa kanisa, mama mmoja wa kwaya aliuliza mbele ya watu kama kweli Masika anaandika mwenyewe, maana barua zile zilikuwa tamu kama mahubiri. Mchungaji alikuwapo. Muhindo alikuwapo. Mimi, na suti yangu ya Nairobi, nilijibu haraka kabla dada yangu hajafungua kinywa. Nikasema ni yeye mwenyewe, kila neno. Nikaongeza kwamba popote alipo, hata akiwa safarini, hawasahau wateja wake.

Watu walipiga makofi. Muhindo alimtazama mke wake kama mtu aliyegundua chumba kipya katika nyumba yake mwenyewe. Masika alitazama viatu vyake.

Kwa nini hakunikana? Najiuliza mpaka leo. Nafikiri alinionea aibu... Nafikiri alinihurumia.

Mwezi wa pili, mashine ilituma barua niliyoipanga zamani: vitambaa vipya vya sikukuu ya wanawake vinakuja kutoka upande wa Uganda, Masika anakwenda kuvichagua mwenyewe Kamango, karibu na mpaka, kila mmoja aandae chaguo lake. Wateja walianza kuagiza. Kwaya mbili ziliagiza sare.

Lakini wiki ile barabara ya Kamango haikuwa nzuri. Sisi wa huku tukisema barabara siyo nzuri, hatuzungumzii matope. Masika alinipigia simu. Akaniambia wenye magari wanasita, yeye pia anaona tungoje, wateja ni watu, wataelewa wakielezwa.

Nilimjibu kwamba barua imekwisha kutoka. Nilimwambia wateja wakiahidiwa kwa jina lake halafu wasione kitu, jina lake litaharibika.

Jina lake! Mimi niliyelichukua bila kuomba, nilimtisha nalo!

Akasema maneno ambayo nayasikia kila ninapowasha kompyuta:

"Sawa, mudogo wangu. Mashini yako imesema. Mimi nitaenda."

Alikwenda. Akafika Kamango, akachagua, akafunga mizigo. Wakati wa kurudi, gari lao lilisimamishwa porini na wale watu wenye silaha ambao hatuwataji. Lilichomwa pamoja na vitambaa. Baadhi ya abiria walipatikana pale pale, wakazikwa. Masika hakupatikana. Wala mwili, wala kiatu, wala kile kitambaa cha manjano.

Simu yake ilikuwa haiiti.

Nilikwenda Beni, nikatembea kwenye ofisi za askari, hospitali, vituo vya watu waliokimbia. Nilisahau duka. Nilisahau chakula. Na yule askari niliyempanga mwezi wa kumi na mbili, ile mashine ya barua, nilimsahau kabisa... lakini yeye hakusahau amri yangu!

Kwetu, mtu akipotea namna ile, familia inakuwa na mzigo mbaya sana. Ni lazima kukaa na kuamua: tumlilie au tumngoje? Ukikaa matanga, umesema amekufa. Usipokaa, unaacha nyumba yake wazi kwa miaka, mume hajui kama ni mjane, mtoto hajui aombe nini. Mama yetu alitaka tulie. Muhindo alikataa. Alikuwa anasimama barabarani kila jioni, mahali pake palepale, na wenye pikipiki walikuwa wanapita bila kusema neno.

Mwishowe mchungaji alizungumza naye kwa upole, mara nyingi, na Muhindo akakubali. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Watu waliketi uani kwa Muhindo, Mulekera, kwenye viti vya kanisa. Mama alikuwa kwenye mkeka. Kavira aliegemea bega la baba yake. Mchungaji alifungua Biblia, akasema tutamkabidhi Masika mikononi mwa Bwana. Muhindo alikuwa analia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Alikuwa ameanza kumwachilia. Nilimuona kwa macho yangu, ameanza!

Simu ya mama mmoja wa kwaya ikalia kidogo. Kisha nyingine, upande wa pili. Kisha ya Muhindo.

Jumamosi asubuhi... Nilikuwa nimeichagua mimi, kwa sababu ndiyo saa ambayo wenye mishahara wanafungua simu wakiwa wametulia.

Mama wa kwaya aliangalia, akaitupa simu chini kama kaa la moto. Muhindo aliangalia ya kwake. Uso wake sitausahau mpaka niingie kaburini. Ulifunguka! Akasimama, akasoma kwa sauti, watu wote wakisikia:

"Mpendwa Muhindo, ni mimi, Masika. Nakuandikia nikiwa Kamango. Usifikiri nimekusahau. Nipo, nakungoja. Njoo unipokee."

Nilikuwa nimeiandika kwa ajili ya wateja, waje dukani kupokea vitambaa. Jina la Muhindo niliwahi kuliweka kwenye barua hiyo moja ili nijaribu kama mashine inaandika majina sawasawa, na sikuliondoa.

Mama yangu alipiga ukelele. Watu wakaanza kusema kwamba kuna waliotekwa ambao waliwahi kupata simu na kupiga, kwamba Mungu ni mkubwa. Wengine walikuwa wanarudi nyuma kuelekea lango, maana ukiitwa na aliyekufa, unaitwa wapi?

Msidhani nilinyamaza. Hilo sikufanya. Nilisimama katikati ya ua, nikasema ukweli wote, kwa sauti: ni mimi niliyeandika, mwezi wa kumi na mbili, ni mashine imetuma, Masika hajaandika barua hata moja.

Muhindo alinigeukia bila hasira.

"Shemeki, siku ile pa kanisa ulisema ni yeye. Mbele ya pasteur. Kila neno, hata akiwa safarini. Leo unasema ni weye. Nikuamini siku gani?"

Nilimtazama mchungaji anisaidie. Mchungaji alitazama Biblia yake. Yeye pia alikuwa amenisikia siku ile.

Nilimvuta Muhindo ndani, nikafungua kompyuta, nikamwonyesha mahali barua zinapangwa. Nikamwambia aone mwenyewe, hii ndiyo ya leo, hii hapa ni ya Pasaka, bado haijatoka, nayo imekwisha andikwa. Nilifikiri sasa ataelewa. Alisogeza uso karibu na kioo. Picha ya Masika ilikuwa pale, anacheka. Alisoma mstari wa kwanza: "Ni mimi, Masika. Pasaka hii tutakuwa pamoja."

Akagusa kioo kwa kidole chake cha useremala.

"Barua ya Pasaka iko hapa," alisema polepole. "Basi Pasaka atakuwako."

Jamani! Nimesoma masoko. Nimesoma jinsi ya kumfanya mtu aamini. Hakuna mwalimu aliyenifundisha jinsi ya kumfanya aache kuamini!

Kesho yake alfajiri aliazima pikipiki. Nilisimama mbele ya gurudumu. Nilimwomba kwa jina la Mungu, kwa jina la Kavira. Alinisogeza taratibu, kama mtu anavyosogeza kiti. Akaniambia nisiwe na wivu kwa kuwa Masika hakuniandikia mimi.

Alikwenda.

Baadaye askari wa kizuizi walisema walimkataza asipite. Wakasema hakubishana nao, aliwaonyesha simu tu. Mmoja wao, kijana wa mbali asiyejua Kiswahili chetu vizuri, aliniambia kwa Kilingala kwamba alimuonea huruma akamfungulia, maana ni nani anaweza kumzuia mtu anayeitwa na mke wake?

Muhindo hakurudi. Pikipiki ilionekana imelala kando ya barabara, nzima, na ufunguo wake. Yeye hapana.

Niliizima mashine. Nilifuta barua ya Pasaka, ya harusi, zote. Lakini mnajua simu za kwetu. Mtu anakaa kijijini miezi bila megabaiti, siku anateremka mjini na kununua kidogo, mambo ya zamani yote yanamwagika kwa pamoja. Kwa hiyo Masika aliendelea kufika. Mwalimu mmoja alimpata baada ya muda mrefu, akaja dukani mbio kuuliza kama amepatikana. Mama mwingine aliipata ile ya "tumekukosa, mbona umepotea?" akaugua kwa woga. Kwaya moja ilirudisha sare walizoshona kutoka kwenye vitambaa vyetu vya zamani. Walizikunja vizuri, wakaziweka mlangoni, wakaondoka bila kunisalimu. Duka la Beni nililifunga. Mama yetu anaishi, lakini hazungumzi nami zaidi ya salamu. Matanga hatujakaa mpaka leo. Nani atathubutu kuyaita tena? Yakiitwa, simu ya nani italia?

Kavira nilimleta Butembo, kwangu. Ana chumba kizuri, anasoma shule nzuri. Ananiheshimu. Hanilaumu. Ingekuwa afadhali anilaumu!

Kuna jambo moja sikulifunga: ile anwani ya Masika, ambayo wateja walikuwa wanaijibu. Majibu yalikuwa yanaingia kwangu, na zamani sikuwa na muda wa kuyasoma. Asubuhi moja dukani, kabla ya wateja, niliifungua ili niifute. Kulikuwa na ujumbe mpya. Wa maneno matatu.

"Mama, baba amekufikia?"

Ulitoka kwa Kavira. Mtoto anayelala chumba cha pili katika nyumba yangu.

Nililia kwenye meza ya duka kama mtoto, mimi mwenye diploma, mimi wa lifti za Nairobi. Nikajiuliza nimjibu nini. Na kwa jina la nani? Vidole vyangu vilijua. Vilikuwa vimezoea. Vingeweza kuandika "ni mimi, Masika" bila mimi kuviambia... Niliviogopa vidole vyangu mwenyewe!

Nikaandika polepole: "Kavira, ni mimi mujomba Kambale. Anwani hii inaingia kwangu. Mama hasomi hapa. Nisamehe."

Jibu lilikuja kabla sijafuta machozi.

"Najua, mujomba. Lakini sina pengine pa kumuandikia."

Wasomaji wenzangu, ninyi mnaofungua biashara ndogo, mnaorudi kutoka mbali na maarifa mengi kama mimi, nawaomba. Waandikieni wateja wenu, ni jambo jema. Lakini andikeni kwa jina lenu, siku mnapokuwa na kitu mkononi, kwa mtu mnayemfahamu. Iwe barua moja tu kwa mwezi, iwe fupi, iwe na makosa. Msiahidi kesho ambayo hamjaiona. Na msichukue sauti ya mtu anayependwa mkaifungia ndani ya mashine, kwa sababu atakayependa kuisikia hatajali imetoka wapi... ataifuata tu.

Ile anwani yenye jina la Masika sijaifuta. Kavira bado anaandika. Nilimuahidi sitasoma, na sisomi. Lakini kila ujumbe ukiingia, simu yangu inalia kidogo mezani, na juu ya kioo linatokea jina la dada yangu.